R ya Rori

Simu iliingia saa tatu na dakika kumi asubuhi. Chepkemoi aliandika saa hiyo kwenye daftari kabla ya kuitika. Daktari wa mifugo asiyejua saa hawezi kujua kama amechelewa.

"Dakitari wa ng'ombe?" Ilikuwa sauti ya mzee, na nyuma yake kelele za watu wengi. "Mimi ni Isaiah Shikanga. Ng'ombe yangu imerara chini. Inazaa, lakini haizai."

"Ilianza saa ngapi, mzee?"

"Alfajiri. Wakati Milcah anaendanga kukamua."

"Milcah ni nani?"

"Mke wa kijana yangu."

Sauti ya mwanamke ikapenya kutoka nyuma. "Saa kumi na moja na nusu! Chupa ya maji ikapasuka saa kumi na mbili na nusu!"

Chepkemoi alimshukuru Milcah kimoyomoyo na kuandika. Saa mbili na dakika arobaini zilikuwa zimepita tangu chupa kupasuka. Zilikuwa nyingi, lakini hazikuwa nyingi kupita kiasi.

"Mnaona nini?"

"Mguu moja."

"Pua je?"

"Hakuna pua."

"Sasa mzee, bana katikati ya kwato kwa vidole. Bana kwa nguvu, kisha uniambie."

Kelele zikapanda. "Imevuta! Imerudisha mguu ndani!"

Basi ndama alikuwa hai saa tatu na robo. Chepkemoi aliliandika hilo pia na kulipigia mstari. "Nisikilizeni wote. Mtu yeyote asivute huo mguu mpaka nifike. Mkivuta mtampasua mama. Mko wapi?"

"Marundu."

Alikuwa na wiki tatu tu Kakamega. Alizaliwa Bomet na kusomea Nairobi, lakini masikio yake yalikuwa yamekwisha kugundua jambo moja: watu wa huku waliazimana L na R kama majirani wanavyoazimana chumvi.

"Ni Malundu au Marundu?"

"Ndiyo, hiyo hiyo."

"Mzee, nataka herufi. Ni L au ni R?"

Watu wakashauriana. "Ni R," mzee akasema.

"R ya nini?"

"R ya rori."

Aliandika MARUNDU kwa herufi kubwa. Alikuwa ameuliza na kuthibitisha, na jibu lilikuwa limekuja na mfano wake.

"Ni mbali?"

"Hapo tu, dakitari. Ukifika soko, uliza..." Simu ikakatika. Alipopiga tena, mashine ilimwambia mteja hapatikani.

Alibeba kamba za kuzalishia, ndoo, mafuta ya kulainisha, ganzi na chupa nne za dawa ya kalisi, akavipanga nyuma ya pikapu. Maximilla, aliyeuza dawa za mifugo katika duka walilokuwa wakifanyia kazi, alimtazama akifunga mlango wa gari na kuwasha kile kifaa kilichokuwa kimebandikwa kwenye kioo cha mbele.

Kilikuwa kifaa cha GPS cha kubebeka, kikubwa kama kitabu cha nyimbo, urithi kutoka kwa daktari Kibiwott aliyestaafu mwezi uliotangulia. Betri yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo kilifanya kazi tu kikiwa kimechomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kikombe chake cha mpira hakikushika vizuri kioo kikipata joto, hivyo Kibiwott alikuwa amekifunga na kipande cha tyubu ya baiskeli. Ramani yake ilikuwa na umri wa miaka sita. Siku ya kukabidhi, Kibiwott alisema, "Hakijui kila kitu. Lakini hakisemi 'hapo tu'."

Chepkemoi aliuelewa utani huo katika wiki yake ya kwanza. Aliuliza njia mara tano, na mara zote tano akaambiwa ni hapo tu. Alipima kwa mita ya gari: kilomita mbili, nne, moja na nusu, kumi na moja, saba. Neno ambalo thamani yake ni kati ya moja na nusu na kumi na moja si kipimo. Simu nayo ilikuwa na ramani, lakini mabondeni mtandao ulikatika, na simu ileile ndiyo ilihitajika kuongea na mkulima. Kifaa hakikuhitaji mtandao wala hakikupigiwa na mtu.

"Unaenda wapi mbio hivyo?" Maximilla aliuliza.

"Marundu. Ng'ombe ameshindwa kuzaa."

"Marundu? Hapo tu. Nisalimie shangazi yangu, senge Awinja, anauza mboga hapo sokoni." Akakitikisia kifaa kidevu. "Na huyo mama wa kwenye kioo mwache apumzike. Uliza watu, daktari. Huyo hana hata binamu hapa."

Chepkemoi aliandika M, A, R, U. Jina likajitokeza lenyewe: Marundu. Kilomita sitini na moja. Kufika: saa nne na dakika arobaini.

"Hapo tu," alijisemea, akakaribia kucheka, akaingia barabarani saa tatu na dakika ishirini na tano.

Alielekea kaskazini. Akapita Malava, akapita matrekta yaliyokokota matela ya miwa, akapita watoto wa shule waliosimama pembeni wakiwa wamejifunika magunia kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Mkono mmoja uliendesha; mwingine, kila baada ya dakika tano, ulimpigia Isaiah Shikanga. Mteja hapatikani. Alijipigia hesabu ileile kila mara. Ndama aliyekwama akiwa na mguu mmoja nje ana mguu mwingine uliokunjika ndani, au kichwa kilichogeuka nyuma, au vyote viwili. Kila mama anapojikaza, kitovu kinabanwa. Kufikia saa nne na dakika arobaini zingekuwa zimetimia saa nne na dakika kumi tangu chupa ipasuke. Wapo ndama waliotoka hai baada ya muda huo. Hawakuwa wengi.

Kifaa kilikuwa kimewekwa kichague njia fupi, na Chepkemoi hakulijua hilo. Kilipomwambia aiache lami na kuingia kulia, aliingia. Kilipomwambia kushoto, akakata kushoto. Barabara ikawa njia ya trekta: mitaro miwili yenye maji na nyasi katikati. Miwa ilisimama pande zote, mirefu kuliko gari, hata hakuona kitu ila ukanda wa mbingu na majani yaliyokuwa yakipangusa vioo. Kwenye ramani njia hizo zilikuwa mistari ya kijivu isiyo na majina. Simu ilikuwa imepoteza mtandao. Kifaa kilisema zimebaki kilomita tatu, na kwamba baada ya mita mia mbili angevuka daraja.

Hakukuwa na daraja. Palikuwa na kijito chenye maji ya matope, na nguzo nne za mbao zilizosimama katikati yake bila kubeba kitu.

Alikanyaga breki. Saa nne na dakika thelathini na tano.

"Vuka mbele moja kwa moja," kifaa kikasema.

Kando ya kijito, wakata miwa sita walikuwa wamejikinga mvua chini ya turubai. Mmoja wao, mwanamume mrefu aliyevaa buti za plastiki, alikuja na panga lake mkononi, akainama dirishani.

"Mulembe, madam. Umeletwa na hiyo televisheni?"

"Mulembe. Imeniambia kuna daraja."

"Haikudanganya, lilikuwako. Lilienda na mvua ya mwaka juzi." Akawageukia wenzake. "Ni wa pili huyu! Wa kwanza alikuwa wa soda. Yule alilia."

"Huyu bado halii, Willis," mmoja akajibu kutoka chini ya turubai. "Mpe dakika."

Chepkemoi hakuwa na dakika ya kutoa. "Kuna ng'ombe anakufa. Natafuta kwa Isaiah Shikanga, Marundu."

"Marundu ndiyo ile, ng'ambo. Lakini Shikanga..." Willis akakuna shingo kwa mpini wa panga. "Nyinyi, mnajua Shikanga hapa?"

Hakuna aliyemjua.

"Hilo si jina la huku, madam. Hapa kwetu ni akina Wanyonyi, akina Barasa. Shikanga ni mtu wa huko chini, kwa Waidakho. Wale wa kupiganisha mafahali."

"Labda alihamia."

"Aliyehamia tungemjua kuliko aliyezaliwa hapa."

Hoja hiyo haikuwa na kasoro. "Kuna Marundu nyingine?"

"Iko. Ya Iguhu, huko kwao."

"Inaandikwaje?"

"Kama hii tu." Akamsaidia kwa kutamka polepole. "Ma-ru-ndu."

Honi ikalia nyuma yao. Kichwa chekundu cha lori la miwa kilikuwa kimeziba njia, na dereva alikuwa akipunga mkono dirishani.

"Songesha gari kidogo, madam," Willis akasema. "Rori inataka kugeuza."

Rori.

Chepkemoi alibaki akilitazama lile lori kwenye kioo cha pembeni. Aliona herufi yake ya kwanza kama iliyoandikwa ubavuni: L. Mzee hakuwa amemdanganya. Alikuwa ameulizwa jina la mji linatamkwaje katikati, akatafuta neno lenye sauti ileile, akalipata, naye daktari akaliandika kwa herufi kubwa.

Akaandika M, A, L, U. Malundu. Kilomita sabini na saba. Kutoka dukani zingekuwa kumi na tisa, yaani nusu saa. Hapo tu.

"Nitokeje hapa kwa haraka?"

"Rahisi," Willis alisema. "Nyoosha, kona ya tatu kata, ukifika pale palikuwa na mti wa nyuki..."

"Palikuwa?"

"Ulikatwa. Lakini pale ulipokuwa panajulikana."

Chepkemoi alishukuru, akageuza gari. Hakumfuata Willis. Kifaa kilikuwa kimechora njia yake yote ya kuingilia kwa nukta za buluu, kona baada ya kona, na sasa zilikuwa jambo pekee katika shamba lile alilokuwa na uhakika nalo. Alizifuata kinyumenyume. Kona tisa, dakika saba, akarudi kwenye lami. Kitu kilichompoteza ndicho kilichomtoa.

Mtandao ulirudi. Isaiah Shikanga bado alikuwa mteja asiyepatikana. Akampigia Maximilla.

"Daktari! Umemaliza? Si nilikuambia ni hapo tu."

"Niko Lugari, huku kaskazini."

"Rugari kufanya nini?"

"Nitakueleza. Shangazi yako yuko sokoni leo?"

"Senge Awinja? Yuko."

"Ana simu? Mpigie sasa hivi. Aende kwa Isaiah Shikanga awaambie wasivute ndama. Kwa lolote lile. Wakimvuta vile alivyokaa, mama atapasuka ndani na mimi nitafika kukuta ngozi. Anaweza kutembea mpaka huko? Ana miaka mingapi?"

"Sabini na mbili. Anatembea kuliko wewe," Maximilla akasema, akakata.

Mvua iliongezeka. Vifuta maji vilishindwa, na kwa kilomita kadhaa Chepkemoi aliona mita kumi tu za lami. Ramani ilimwonyesha kila kona kabla hajaifikia, naye akaendesha kwa kuiamini kuliko macho yake. Kwenye pembe ya chini kifaa kilionyesha saa ya kufika. Saa sita na dakika thelathini na moja. Akakwama nyuma ya matela: thelathini na sita. Dakika moja baadaye: thelathini na saba. Mtu anayeuliza njia hajui amechelewa kiasi gani. Yeye alijua, dakika kwa dakika. Alitamani kukigeuza kifaa upande wa dirisha. Hakukigeuza.

Saa sita na dakika nane alipita Shieywe, mtaa alikokuwa amepanga nyumba. Shuka lake lilikuwa bado kwenye kamba, limelowa. Dakika mbili baadaye akapita mbele ya duka. Maximilla alikuwa amesimama barazani, na badala ya kupunga mkono akaashiria kwa mikono miwili: songa, songa.

Saa sita na dakika arobaini alifika. Hakuhitaji kuuliza nyumba. Watu kama thelathini walikuwa wamesimama kwenye boma chini ya migomba, na katikati yao ng'ombe mwekundu amelala ubavu, macho yameingia ndani. Kutoka nyuma yake ilitoka kamba. Wanaume wanane walikuwa wamesimama wakiitazama, kwa sababu katikati ya kamba hiyo, juu ya kiti kidogo cha jikoni, alikuwa amekaa kikongwe mwenye gauni la bluu, miguu yake miwili imeikanyaga.

"Ndiye wewe dakitari?" kikongwe akauliza.

"Ndimi. Mama Awinja?"

"Nimekaa hapa tangu saa tano na robo. Hawa walikuwa wanataka kuleta fahali avute." Akainuka, akajikung'uta. "Waliniambia niondoke. Nikawaambia waninyanyue. Nani ataninyanyua? Wote hawa nilikuwa nawabebanga mgongoni."

Isaiah Shikanga alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Mkewe marehemu ndiye aliyemlea ng'ombe yule tangu akiwa ndama, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chai ya nyumba na uji wa wajukuu wanne. Alimweleza hayo Chepkemoi wakati daktari akinawa mikono hadi mabegani. Alikuwa akieleza mambo ambayo hakuulizwa, kama watu wenye hofu wanavyofanya.

Chepkemoi alipiga magoti kwenye matope. Kabla ya kitu kingine chochote, aliweka vidole katikati ya kwato za mguu uliokuwa nje, akabana.

Akangoja. Akabana tena, kwa nguvu zaidi.

Mguu haukuvutwa.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa saba kasoro kumi na tano," Milcah akajibu. Alikuwa ameshika ndoo ya maji moto, mwanamke mfupi mwenye saa kubwa ya kiume mkononi. Aliutazama mguu, akamtazama daktari, akaisogeza ndoo karibu.

Yaliyobaki yalikuwa kazi. Sindano ya ganzi mkiani ili mama aache kujikaza. Mafuta. Kamba ya wanaume ikafunguliwa. Mkono ukaingia mpaka begani, shavu limegusa ngozi yenye joto, macho yamefumbwa, kwa kuwa humo ndani hakuna ramani ila vidole. Goti la kushoto lilikuwa limekunjika. Kichwa kilikuwa kimegeukia ubavuni. Aliusukuma mguu ukarudi ndani, akautafuta ule mwingine, akaukinga ukwato kwa kiganja ili usichane, akaunyoosha. Kichwa kilimchukua dakika ishirini na tano. Hakupata mpasuko popote. Ndama alipotoka, kwa kuvutwa na wanaume wawili tu tena polepole, alikuwa dume, mkubwa ajabu, kifua kipana kama mlango wa kabati. Amekufa.

Chepkemoi alimgeuza mama akae kifuani, akamtundikia kalisi mshipani.

"Dume lililompanda ni la nani?" aliuliza akiwa ameinua chupa.

Isaiah alitazama migomba. "La jirani."

"La kupigana?"

"Hajawahi kushindwa," mzee akasema, kwa aibu na kwa fahari pamoja. "Nilitaka mtoto wake."

Wakangoja. Ng'ombe aliyelala muda mrefu hivyo hubanwa mishipa ya nyonga. Wengine huinuka, wengine hawainuki tena. Mama Awinja alileta kiti chake akakaa karibu na kichwa cha ng'ombe, akimwambia maneno ya Kiidakho ambayo Chepkemoi hakuyafahamu. Milcah alileta obusuma, ugali wa huku, na mboga. Daktari alikula akiwa amesimama, jicho kwenye miguu ya nyuma. Saa saba na nusu, ng'ombe alijaribu akaanguka. Saa nane kasoro kumi akajaribu tena. Isaiah hakukaa chini hata mara moja.

Saa nane na dakika ishirini, bila kuguswa na mtu, ng'ombe alinyanyua makalio, akayumba, akatanua miguu, akasimama. Kisha akajisaidia haja ndogo kwa muda mrefu, na boma zima likashangilia mkojo.

Chepkemoi alifungua daftari, akaandika: *Mama hai, amesimama 8:20. Ndama amekufa. Kuchelewa: saa mbili na dakika arobaini na tano.* Palipohitaji sababu, kalamu ilisimama.

"Mzee, kifaa kilinipeleka Lugari. Kuna Marundu ya R huko. Hapa panaandikwa kwa L."

Isaiah alifikiri. Aliligeuza jambo hilo kwa muda, midomo ikitembea. "Kwa hiyo ni mimi nimeua ndama."

"Mimi ndiye niliyeliandika. Ningeuliza soko gani, au hospitali gani iko karibu, ningejua. Niliuliza herufi."

"Ningesema L."

"Ungesema L ya nini?"

Mzee alitaka kusaidia. Alifumba macho, akatafuta kwa uaminifu wote aliokuwa nao.

"L ya ledio," akasema.

Milcah alicheka kwanza, akajiziba mdomo. Halafu Mama Awinja. Chepkemoi hakucheka, lakini alikunja daftari, akaacha ile nafasi ya sababu ikiwa wazi.

Alipofika kwenye gari aliwasha injini, kifaa kikawaka. Angerudi keshokutwa kumtazama mama. Alisimamisha gari langoni na kubonyeza pale panapohifadhi mahali ulipo: si jina la mji, bali nukta yenyewe juu ya ardhi, ambayo haina L wala R na haitamkwi na mtu. Kifaa kikamtaka aipe nukta hiyo jina.

Isaiah alikuwa amemfuata hadi dirishani, kofia mkononi. "Ndama angeishi," alisema, "ningemwita Rori."

Chepkemoi aliandika herufi nne, ya kwanza R. Akahifadhi, akaingiza gia.